Karafuu, maji ya chumvi au mswaki wa mti: kipi kwa shida ipi ya kinywa

Mwezi uliopita, saa tano usiku, jirani alinigongea mlango huku kashika shavu. Hata hodi hakuimaliza. "Dada, una karafuu?" Hapa Arusha watu wakishajua umezaliwa Wete, Pemba, basi wewe ni ghala la karafuu, na kweli ninazo, kopo zima. Nikampa tatu, nikamwonyesha pa kuzibana, akaenda kulala. Asubuhi alirudi anacheka: jino limenyamaza. Akauliza aendelee nazo siku ngapi mpaka lipone.

Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Karafuu ilikuwa imelinyamazisha jino, haikuliponya. Na si yeye peke yake. Dawa za asili za kinywa wengi wetu tunazitia kapu moja: karafuu, chumvi, mswaki wa mti, mwarobaini, mkaa, ndimu. Ukiumwa unachukua iliyo karibu. Lakini kazi zake hazifanani hata kidogo. Nyingine hutuliza, nyingine husafisha, na nyingine hukwangua tu. Inayoziba tundu hakuna. Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize kwanza unataka nini kifanyike humo mdomoni.

Jino linauma: karafuu au maji ya chumvi?

Nianze na karafuu kwa sababu ndiyo niliyokulia. Mti wenyewe si wa kwetu, ulitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Msimu ukifika, majamvi huanikwa kila penye jua, na sisi watoto tulikuwa na kazi ya kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, kule. Vidole hunuka karafuu siku nzima, na ukivitia mdomoni ulimi hufa ganzi. Hilo ndilo somo langu la kwanza la tiba ya meno.

Kinacholeta ganzi ni eujenoli. Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni hiyo eujenoli. Huzuia mshipa wa fahamu usipeleke habari za maumivu, na pia huua baadhi ya bakteria. Si imani ya bibi tu. Utafiti uliofanywa Kuwait na kuchapishwa mwaka 2006 ulipaka watu jeli ya karafuu kwenye ufizi kisha ukawachoma sindano. Maumivu yalipungua karibu sawa na kwa waliopakwa benzokeini, dawa ya ganzi inayouzwa madukani. Na kama umewahi kuingia kliniki ya meno ukasikia harufu ya karafuu, hukukosea: eujenoli ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutumika kuziba jino kwa muda.

Namna ya kuitumia ndiyo inayowashinda wengi. Jirani yangu alitaka kuzitafuna zote tatu. Bibi yangu alikuwa akisema, "Bana hapo, usitafune, wacha mate yalainishe mwenyewe." Unaweka karafuu moja juu ya jino linalouma, au kati ya jino na shavu, unaibana taratibu. Baada ya dakika chache inalainika, unaiminya kidogo tu mafuta yatoke. Dakika kumi, kumi na tano, kisha unatema. Ukiibwia ukaitafuna kama karanga, mafuta yanasambaa mdomo mzima, ulimi unawaka, na jino lenyewe halipati kitu.

Kuijua karafuu yenye nguvu ni rahisi. Ichome kwa ukucha kwenye kikonyo: nzuri hutoa mafuta. Au itumbukize kwenye glasi ya maji. Iliyojaa mafuta huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Inayolala ubavu juu ya maji imekwisha, pengine imeshakamuliwa mafuta kabla haijafika dukani, au imekaa kwenye pakiti tangu mwaka juzi. Hiyo haitautia ganzi hata ulimi wa mtoto.

Mafuta ya karafuu ya chupani ni jambo jingine. Pemba, kiwanda cha Wawi kule Chake Chake hukamua mafuta ya makonyo, na vichupa vyake vinasafiri hadi huku bara. Hayo ni makali. Ukiyatia mafuta matupu kwenye ufizi, unauunguza; unaamka na kidonda cheupe juu ya maumivu uliyokuwa nayo. Yazimue: matone mawili matatu kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya kula, chovya pamba kidogo, kamua, weka jinoni. Na yafiche mbali na watoto kuliko unavyoficha mafuta ya taa. Mtoto mdogo akimeza hata kijiko kimoja au viwili, ini lake linaweza kuharibika na akapata degedege.

Sasa chumvi. Chumvi haina ganzi. Mtu mwenye jino lililotoboka akisukutua maji ya chumvi saa tano usiku atalala macho, na kesho yake atasema dawa za asili ni uongo. Kazi ya chumvi ni kwenye nyama, si kwenye jino. Ufizi uliovimba unashikilia maji ndani yake. Maji ya chumvi huvuta baadhi ya maji hayo, uvimbe unapungua, uchafu unasombwa. Kwa hiyo ni dawa ya ufizi unaowasha, kidonda cha mdomo, nyama iliyouma wakati gego la mwisho linachomoza, au shimo baada ya kung'oa jino. Hili la mwisho lina sharti: subiri saa 24. Ukisukutua mapema unaliondoa donge la damu linalofunika mfupa, na maumivu yake utayasimulia wajukuu.

Kipimo ni nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua nusu dakika, tema, rudia mara tatu nne kwa siku. Watu wa pwani tuna kasumba ya kuchota maji ya bahari kabisa. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Glasi yako yenye nusu kijiko ina kama gramu 12 kwa lita. Yaani bahari ni karibu mara tatu ya kinachotakiwa, achilia mbali kinachoelea humo. Kidonda kinachomeka bure.

Ukizipanga ubavu kwa ubavu: karafuu inashinda kwa maumivu ya jino lenyewe, kwa haraka, na kwa usiku. Chumvi inashinda kwa ufizi, kwa bei, na kwa usalama, maana hata mjamzito anaweza kuitumia mradi ateme. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi aache mafuta ya karafuu mpaka amuulize daktari wake. Na zote mbili zinapita kwa mbali ule mtindo wa kukandika kidonge cha aspirini kwenye ufizi. Aspirini humezwa. Ukiiweka ufizini inaunguza kama asidi, kwa sababu ni asidi.

Gego langu

Niseme ubaya wa karafuu, na ubaya wake ni kwamba inafanya kazi vizuri mno.

Miaka sita iliyopita gego langu la chini kulia lilianza kushtuka nikinywa maji baridi. Tundu dogo, ncha ya ulimi iliingia kidogo tu. Nikafanya kama nilivyofunzwa. Karafuu usiku, kulala fofofo. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Mwezi wa pili maumivu yakawa makali hata kwa chai ya moto, nikaongeza mafuta ya makonyo. Mwezi wa tatu siku moja jino likanyamaza kabisa bila karafuu. Nilijisifu ofisini. Niliwaambia wenzangu wanaokimbilia hospitali kwamba hawajui dawa.

Kumbe mshipa wa ndani ulikuwa umekufa, ndiyo maana halikuuma tena. Bakteria walikuwa wameshuka kwenye mzizi. Wiki ya pili ya huo ukimya niliamka uso umevimba upande mmoja, jicho limebakia mstari. Daktari wa meno alitazama picha akaniuliza, "Mama, lilianza lini?" Nikamwambia. Akasema tu kwamba miezi mitatu nyuma angeziba na ningeondoka siku ileile. Siku hiyo ikawa dawa za usaha kwanza, kisha koleo.

Watu husema dawa ya jino ni kung'oa. Huo ni msemo wa aliyechelewa, nami naujua kwa sababu nilichelewa. Pengo lipo mpaka leo, nyama ya mbuzi natafunia kushoto.

Kwa hiyo kwa jirani yangu jibu lilikuwa usiku mmoja, mbili kwa shida, na siku hizo zitumike kutafuta miadi. Jino likinyamaza lenyewe bila kutibiwa, nenda upesi zaidi. Na ukivimba taya au shingo, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza mate, usihesabu karafuu wala kusubiri asubuhi. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, maana uvimbe wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Kusafisha kila siku: mswaki wa mti, mwarobaini, au mswaki wa dukani?

Hapa mambo yanageuka, kwa sababu hapa ya asili hayako nyuma sana.

Neno mswaki lenyewe limetoka kwenye kijiti. Waarabu walikiita miswak kijiti hicho hicho kabla plastiki haijafikiriwa, sisi tukachukua jina, na sasa tunalazimika kusema "mswaki wa mti" kutofautisha na ule uliokuja jana. Mtume (SAW) alihimiza sana kupiga mswaki kabla ya sala, na kule Wete hukosi kumwona mzee mwenye kijiti mfuko wa juu wa kanzu. Hapa Arusha wauzaji ni Wamasai, ambao wanauita oremit, na mti ni uleule, Salvadora persica, unaopenda nyika kame na udongo wa chumvichumvi. Ukiutafuna una ukali unaopanda puani kama haradali. Ukali huo unatokana na kemikali inayopambana na bakteria, na ndani ya nyuzi zake kuna silika inayosugua ukoga taratibu.

Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980 kwa jamii zilizouzoea. Tafiti zilizolinganisha wanaoutumia vizuri na wanaotumia mswaki wa plastiki zimekuta mara nyingi ukoga na fizi vikikaribiana, wakati mwingine wa kijiti wakiwa mbele kidogo. Neno kubwa hapo ni "vizuri".

Chukua kijiti kibichi, unene wa penseli, urefu wa kiganja. Kikiwa kimekauka, kiloweke kwenye maji usiku. Menya gome kama sentimita moja ya ncha, tafuna taratibu mpaka nyuzi zifunguke kama brashi. Sugua kutoka ufizi kuelekea ncha ya jino, juu kwenda chini, chini kwenda juu. Usipige msumeno. Wanaopiga msumeno kwa miaka, fizi zao hurudi nyuma mpaka mzizi unaonekana, na ufizi uliorudi haurudi tena. Nyuzi zikigeuka kahawia au ukali ukiisha, kata ncha, anza upya. Siku moja au mbili zinatosha kwa ncha moja. Na kila mtu kijiti chake, hata kama mmeoana.

Kasoro yake kubwa naiona kwa baba yangu mwenyewe. Meno ya mbele yanang'aa, amepita miaka sabini. Magego ya nyuma yamebaki mawili. Kijiti kimenyooka, kwa hiyo kinafika vizuri mbele na kwa tabu upande wa ndani na nyuma kabisa. Mtu anakitia mdomoni akiongea, akitembea, akisubiri swala, anasugua yanayoonekana anaridhika. Ukichagua mswaki wa mti, anza na magego ya nyuma upande wa ulimi, umalize na ya mbele. Geuza mpangilio tu.

Mwarobaini ni ndugu yake mchungu. Ulitoka Bara Hindi, ambako kijiti chake ni mswaki wa tangu na tangu, ukaenea pwani yetu mpaka ukapewa jina la kutibu magonjwa arobaini. Tanga, Mombasa, Dar, unatoka uani unavunja kitawi, bure. Huku Arusha kwenye baridi si mti wa kila ua. Nyuzi zake ni ngumu kidogo kuliko za mswaki, na uchungu wake si mzaha. Wengine hujituliza kwa kuamini kwamba dawa chungu ndiyo dawa. Unapambana na bakteria kweli. Ila mate yake tema. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto waliomezeshwa, na mjamzito hana sababu ya kuyakaribia wakati kuna vijiti vingine. Nikipewa vyote viwili, nachukua mswaki: laini zaidi, na mdomo unabaki na harufu nzuri badala ya uchungu hadi saa nne.

Tahadhari moja kwa wanaotoka tu na kisu: si kila mti ni mswaki. Mnyaa, ule wa ua unaotoa maziwa meupe, ukikatika utomvu wake huunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho. Usipoujua mti kwa jina, nunua kwa anayeujua. Mzee wa Kimasai ninayenunua kwake hukata ncha na kuniambia, "Mama, onja kwanza." Usipowasha, hakuna biashara.

Sasa mswaki wa dukani na dawa yake. Kinachoutofautisha si plastiki, ni kilicho kwenye dawa: floraidi. Hiyo ndiyo inayoimarisha gamba la jino lisiliwe na asidi ya bakteria, na kijiti chochote hakina kiasi cha kutosha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na za malaria na kisukari. Tazama kwenye boksi, tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 mbele ya herufi ppm. Dawa nyingi za "mitishamba" zenye picha ya karafuu au mwarobaini hazina kabisa. Geuza boksi usome.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja, kwa mtu anayekunywa chai yenye sukari mara tatu kwa siku na soda juu yake, nachagua mswaki wa dukani na floraidi. Kwa mtu ambaye dukani ni mbali, au Ramadhani mchana, au safarini, kijiti bila wasiwasi. Lakini nani kakulazimisha? Mimi usiku na asubuhi ni dawa yenye floraidi, natema bila kusukutua kwa maji ili ibaki kwenye meno. Mchana kijiti kiko kwenye mkoba. Ujanja mwingine: paka tone la dawa kwenye nyuzi za kijiti. Baba yangu alikataa mwaka mzima, sasa anafanya akidhani simwoni.

Meno ya kahawia, na ugomvi wa Arusha

Huku kuna watu wanaogopa floraidi, na wana haki ya kuuliza. Maji ya visima na chemchemi nyingi za Arusha, Meru na Bonde la Ufa, mpaka kule Nakuru na Naivasha, yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, yanatoka na madoa ya kahawia. Hata magadi tunayolainishia maharage yana floraidi. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachohangaika na kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Doa hilo liko ndani ya jino lenyewe, halikukaa juu. Ndiyo maana inaniuma nikiona vijana wa hapa, wazuri wa sura, wanasugua mkaa na ndimu kila jumamosi wapate meno meupe. Hawaondoi doa. Wanaondoa jino. Doa kama hilo hushughulikiwa na daktari wa meno, na kinga yake ni maji ya mtoto, hasa kabla hajafika miaka minane.

Na dawa ya meno je? Mtu mzima hapati madoa kwa kupiga mswaki, meno yake yalishamaliza kujijenga. Kwa mtoto, kipimo: chini ya miaka mitatu tia kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na msimamie ateme.

Mkaa, ndimu, na mafuta ya nazi

Haya nayapita haraka. Mkaa husugua kama msasa. Meno huonekana meupe siku za kwanza kwa sababu madoa ya chai yamekwanguliwa, na pamoja nayo gamba, ambalo halioti tena. Likipungua vya kutosha linaonyesha kilicho chini yake, ambacho ni cha njano. Kwa hiyo mwisho wa safari ya weupe ni unjano. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa Marekani mwaka 2017 hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mkaa ni salama wala kwamba unafanya kinachodaiwa. Vumbi lake pia hujificha kwenye mstari wa ufizi.

Ndimu ni mbaya kuliko mkaa. Gamba la jino huanza kuyeyuka kipimo cha asidi (pH) kikishuka chini ya 5.5, maana namba ikiwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali, na ndimu iko chini huko kwenye 2. Ndimu na mkaa kwa pamoja ni kulainisha ukuta kisha kuuparura. Kula ndimu kwenye wali, na ukishakula ukae nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Kusukutua mafuta ya nazi kwa robo saa ni desturi ya India iliyotufikia kupitia simu. Tafiti ndogo zinaonyesha ukoga hupungua kidogo. Halina madhara ukitema. Bibi yangu alikuwa na nazi uani za kutosha kuogea, lakini mafuta yake yaliishia kichwani na chunguni, na mimi robo saa ya asubuhi sina.

Mwenye mtoto mdogo

Mtoto anayeota meno: kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, aume. Basi. Karafuu hapana, mafuta ya karafuu hapana kabisa, chumvi haina kazi kwa asiyejua kutema.

Na kuna "dawa" moja ya jadi ambayo haistahili hata kulinganishwa: kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Mtoto anaharisha na ana homa, mtu anamfungua mdomo anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi pale yanapotokea machonge, anavichokonoa kwa chuma. Vile vivimbe ni meno yenyewe yanayotarajiwa. Mtoto anavuja damu, anaingiwa na vijidudu, na kuharisha kunabaki palepale, kwa sababu hakukutoka mdomoni. Anayeharisha apewe ORS, yale maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, na apelekwe kituo cha afya.

Basi uchukue nini?

Jino linapiga usiku: karafuu, na kesho daktari. Ufizi umevimba au umechubuka: chumvi, siku tatu nne, ukiendelea kutoa damu wiki nzima, mara nyingi tatizo ni ukoga uliogeuka jiwe, na huo hautoki kwa kusukutua. Kidonda kisichofunga kwa wiki mbili kionyeshwe hospitali, na hapa nawalenga hasa watafunaji wa tambuu na wala kuberi, ile tumbaku ya kubana mdomoni. Harufu mbaya: mswaki wa mti mchana, na usisahau ulimi, maana wengi tunasugua meno tukauacha ulimi na utando wake. Meno yasitoboke: floraidi, sukari ipungue. Meno meupe: kunywa maji baada ya chai, kisha uridhike na rangi uliyopewa.

Jirani alizibwa alhamisi. Zile karafuu mbili zilizobaki alinirudishia, zimefungwa kwenye karatasi. Nilizijaribu kwa ukucha. Moja ilitoa mafuta, nikairudisha koponi. Nyingine ilikuwa kavu, nikaiachia pilau.